Kipanga wa msituni: mti mkongwe au windo la kutosha?

Kipanga mkubwa wa misitu ya kaskazini, ambaye kwa miaka mingi wataalamu walimwita Accipiter gentilis (tangu 2023 yule wa Amerika huhesabiwa spishi ya peke yake), amehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ndege wa msitu mkongwe, na dai hilo halikuzuka hewani. Tago lake ni lundo la vijiti lililoshikizwa kwenye panda ya mti mnene na kuongezwa vitawi vibichi vya msonobari, nalo hukaa chini ya mwavuli wa majani, mahali ambapo vichaka ni vichache na ndege hupenya bila kugonga mbawa. Hapo jike huatamia mayai, kwa kawaida mawili hadi manne, kwa siku 35 hadi 38 hivi.

Mapendekezo ya mwaka 1992 ya Idara ya Misitu ya Marekani, yaliyohusu kusini-magharibi mwa nchi hiyo, yalitaka kila tago litengewe ekari 30 za miti mikubwa. Wengi huishia hapo katika kuyanukuu, ilhali mapendekezo hayo hayo yaliipa kila jozi eneo la ekari 6,000 hivi, na kati yake ekari 5,400 ni za kuwindia.

Wanaosema kinachoamua uzazi wake ni chakula, si umri wa miti, wana hoja nzito pia. Huko Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, idadi ya sungura wa theluji inapoporomoka, jozi nyingi hazitagi kabisa ingawa hakuna mti uliokatwa. Berlin nako, vipanga hawa hulea makinda katika bustani za jiji, kelele zikiwa pande zote, kwa sababu njiwa hawakosekani.

Kwa maoni yangu, sehemu ya ubishi huu imetokana na namna ya kuhesabu. Mtafiti anayeanza kutafuta matago kwenye miti mikubwa atayapata huko huko, na anayechelewa hadi makinda yaanze kulia hatayaona matago yaliyokwisha kuharibika kwa mvua na baridi ya majira ya kuchipua, hivyo mafanikio ya uzazi yataonekana makubwa kuliko yalivyo. Jozi iliyoacha kutaga ndiyo ngumu zaidi kuiona, kwani haiachi vinyesi vyeupe wala manyoya chini ya mti.

Hata hivyo, mfano wa Berlin usichukuliwe kuwa kibali cha kufyeka, kwa kuwa bustani zake zina miti mirefu iliyozeeka. Kilichopungua pale ni utulivu na ukubwa wa msitu, si mti wenyewe.