Madrasa aliyosoma Abai: ibaki makumbusho au irudi kwa waumini?

Mjini Semey, mashariki mwa Kazakhstan, msikiti wenye madrasa ya Imamu Ahmet Riza leo ni sehemu ya makumbusho ya Abai Kunanbaiuly (1845–1904), mshairi mkuu wa Wakazakhi. Abai aliletwa hapo akiwa mtoto kutoka nyika za Chingistau, akasoma takribani miaka mitatu, kisha baba yake akamwita arudi kumsaidia kazi za uongozi. Makumbusho yalianza 1940, na madrasa ikaunganishwa nayo yalipopanuliwa kwa maadhimisho ya miaka 150 ya kuzaliwa kwake, 1995.

Wanaotaka jengo lirudi kuwa la ibada wana hoja nzito. Wakomunisti walifunga misikiti, wakawatesa mashehe, na Shakarim, mpwa wa Abai aliyekuwa mshairi pia, aliuawa kwa risasi 1931. Nyumba iliyojengwa ili watu wasali na wasome ikigeuzwa ukumbi wa maonyesho, dhuluma ile inakuwa kama imehalalishwa. Isitoshe, sheria ya dini ya 2011 inakataza ibada katika majengo ya taasisi za serikali, hivyo jengo likibaki makumbusho hakuna atakayeruhusiwa kusali humo. Na mfano upo: msikiti wa mbao wa Karkaraly, uliojengwa na Kunanbai, baba yake Abai, umekarabatiwa na watu wanasali humo.

Upande wa pili, ni jina la mshairi lililoipa madrasa hii hifadhi. Misikiti mingi ya zama zake iligeuzwa maghala au kubomolewa kabisa. Tena Abai ni wa Wakazakhi wote, wanaosali na wasiosali, na makumbusho hayamuulizi mtu imani yake mlangoni.

Abai mwenyewe hakuwa mtetezi wa madrasa za namna ile. Katika Neno la 38 la kitabu chake cha insha, andiko refu kuhusu imani, analalamika kwamba elimu inayofuata desturi ya madrasa za kale haina faida kwa zama zake. Lakini mtu akisimulia hayo na kuishia hapo, atakuwa amepotosha. Neno hilohilo limejaa istilahi za Kiarabu, na linamzungumzia Mungu kwa mapenzi ambayo hayapatikani kwa mtu aliyeikimbia dini.

Angalia pia shairi lake la ujanani, Alifbi. Anamsifia mpenzi wake herufi kwa herufi, kuanzia alif hadi ye. Msomaji aliyepita chuoni utotoni ataonja utamu wake mara moja. Kijana wa Semey wa leo anakosa nusu ya utamu huo, kwa sababu hati ya Kiarabu ilibadilishwa kwa ya Kilatini 1929, kisha ya Kisirili, inayotumiwa na Warusi, 1940. Katika shairi jingine la umri uleule anawaita Fuzuli, Navoi, Saadi, Firdausi na Hafidh wamsaidie kutunga. Ni washairi wa Kiajemi na Kituruki, wa ulimwengu uleule uliomfungukia akiwa mwanafunzi wa madrasa. Simulizi ya Kisovieti ilipenda kumtaja pamoja na washairi wa Kirusi Pushkin na Lermontov, ambao kweli aliwatafsiri, na hawa wengine wakasukumwa pembeni.

Kwa maoni yangu jengo libaki makumbusho. Kulitoa leo kutaibua ugomvi wa umiliki, na waumini wa mji huo wana misikiti mingine ya kusalia. Lakini naona ni kosa kubwa kuliacha liwe chumba cha kupita na kutazama tu. Kilichopotea pale zaidi ya ibada ni usomaji. Kifunguliwe darasa la kudumu la hati ya Kiarabu na Kituruki cha zamani, watoto wa mji na wa vijiji vya Chingistau wasome Abai jinsi alivyoandika. Somo la hati si ibada, hivyo sheria ya 2011 hailigusi, na Chuo Kikuu cha Al-Farabi huko Almaty kina wataalamu wa Kiarabu na Kiajemi wanaoweza kuwaandaa walimu.