Nyigu wa Pontedera: Je, Vespa Kuukuu Ziendelee Kupita Vilima vya Toscana?

Wageni wengi wanaofika Toscana, mkoa wa katikati ya Italia wenye miji ya Firenze na Siena, hawatosheki tena na basi la watalii. Hukodi skuta, na wanachokitamani hasa ni Vespa ya zamani, yenye bodi ya chuma na gia za mkononi, wapite nayo barabara ya Chianti, SR 222, katikati ya mizabibu ya Greve, Panzano na Castellina. Je, vyombo hivyo viachwe barabarani kwa kuwa ni urithi, au viondolewe kwa kuwa moshi na hatari zake vinawaelemea wanaoishi humo mwaka mzima? Mimi naona viendelee, lakini kwa masharti ambayo biashara ya utalii haitayafurahia, na sababu zangu zinaanzia kiwandani.

Vespa huundwa Pontedera, mji mdogo kati ya Pisa na Firenze. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Piaggio ilikuwa ikitengeneza ndege hapo, na vita vilipokwisha kiwanda kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu. Enrico Piaggio alitaka chombo cha bei nafuu kwa taifa lililofilisika. Mfano wa kwanza haukumridhisha, akamwendea Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta ambaye pikipiki hakuzipenda hata kidogo: aliziona zinachafua nguo, na tairi likipata pancha ni kazi ngumu kulibadilisha. Kutokupenda huko ndiko kulikozaa chombo kipya. Aliondoa mnyororo, akaiweka injini ubavuni mwa gurudumu la nyuma, akaunda bodi ya bati inayobeba uzito wote bila fremu ya mabomba, na gurudumu la mbele akalishikiza kwa mkono mmoja tu, kama gurudumu la ndege. Mbele ya kiti aliacha nafasi wazi, ili hata aliyevaa sketi aweze kupanda kwa staha. Hataza iliombwa Firenze tarehe 23 Aprili 1946, injini ikiwa ya sentimita za ujazo 98, na kufikia mwaka 1956 zilikuwa zimeundwa Vespa milioni moja. Jina lake maana yake ni nyigu.

Nimeeleza hayo kwa kirefu kwa sababu urithi wa Vespa ni ufumbuzi wa tatizo zaidi ya kuwa umbo la kupendeza, na ufumbuzi huonekana unapotumika. Makumbusho ya Piaggio, yaliyofunguliwa mwaka 2000 ndani ya karakana ya zamani ya kiwanda, ni hazina ya kweli. Humo imo hata Vespa iliyotiwa saini na Salvador Dalí mwaka 1962. Lakini Vespa iliyozungushiwa kamba haimwonyeshi mtu jinsi mkono wa kushoto unavyobana klachi na papo hapo kuzungusha kishikio chote kutafuta gia, wala jinsi mguu wa kulia unavyokanyaga breki ya nyuma huku injini ikivuta upande mmoja. Wala haimlishi fundi. Anayejua kusafisha kabureta ile na kusikia kwa sikio kwamba plagi imeanza kuchoka atabaki na ujuzi wake iwapo tu kuna anayempelekea kazi.

Upo mfano wa karibu unaoutia nguvu upande huu. Vilima vya Siena vina barabara nyeupe za changarawe ambazo zilikuwa hatarini kuwekwa lami. Mwaka 1997, katika mji wa Gaiole in Chianti, yalianzishwa matembezi ya baiskeli za zamani yaitwayo L'Eroica, kwa nia ya kuzitetea barabara hizo. Leo hakuna anayezungumzia changarawe ile kama dalili ya umaskini.

Hata hivyo, wanaopinga wana hoja nzito. Injini ya Vespa ya zamani ni ya mipigo miwili: oili huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo, na kwa jinsi inavyopumua, sehemu ya mchanganyiko mbichi hutoka kwenye ekzosi bila kuungua kabisa. Mtu anayekaa ghorofa ya kwanza katika kichochoro cha mawe, ambamo nyumba zinakaribia kugusana, hauoni moshi ule kama kumbukumbu ya ujana wa Italia. Kwake ni kitu kinachoingia dirishani. Mwaka 2016 mji wa Genova, kaskazini kidogo ya Toscana, ambako kampuni ya Piaggio yenyewe ilianzia, ulitangaza mpango wa kuzizuia Vespa za zamani, na wenye nazo wakapinga kwa hasira. Nawaelewa wenye Vespa, lakini mapafu ya mtoto hayatambui historia.

Hoja ya usalama naiona nzito zaidi. Magurudumu ya inchi 8 au 10 huzama kwenye changarawe, breki za ngoma hupata moto katika miteremko mirefu, na injini ya aina ile husaidia kidogo sana kupunguza mwendo. Dereva mwenyeji amelijua hilo tangu utotoni. Mgeni aliyefundishwa kwa dakika chache uani mwa duka, kisha akapakia mwenzake nyuma, hajui. Suala la pikipiki kubwa zinazojaa Jumapili kwenye mapito ya milimani ya Futa na Muraglione ni jingine, kwani huko kinacholalamikiwa ni kelele na mwendo kasi.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii si ya mbali. Zanzibar skuta ya aina yoyote huitwa vespa, na bajaji zetu ni za ukoo wa Ape, yaani nyuki, chombo cha magurudumu matatu ambacho Piaggio ilikianzisha mwaka 1948 kwa kukijenga juu ya Vespa. Bajaj ya India iliwahi kuunda vyombo vya Piaggio kwa leseni. Mwishoni mwa mwaka 2024 Pontedera iliacha kuunda Ape, huku India ikiendelea. Nyuki hakusitiriwa na makumbusho; anaishi kule anakobeba abiria na magunia.

Kwa hiyo ningetenganisha mwenye Vespa na mkodishaji. Vespa kuukuu iliyosajiliwa kama chombo cha kihistoria, chini ya mwenyewe anayeitunza, ipite vilimani kwa uhuru lakini isiingie ndani ya kuta za miji ya kale. Wa kukodi wapewe Vespa mpya za mipigo minne, au ya umeme ambayo Pontedera ilianza kuiunda mwaka 2018. Wakodishaji watasema mgeni hakusafiri mpaka Toscana kuendesha chombo kipya, na katika hilo wana haki. Basi akae kiti cha nyuma cha Vespa ya mwaka 1962, mwenyeji ashike usukani, na malipo yake yagawanywe kati ya mwenyeji huyo na fundi aliyeiamsha asubuhi.