SH-101: besi isiyoyumba

Roland SH-101, kinanda cha analogi, ilitoka mwaka 1982 ikiwa na vitufe 32, mwili wa plastiki na nafasi ya betri sita za saizi C. Iliundwa ibebeke, kilikuwepo hata kishikio cha kufunga ubavuni ili mpigaji aivae kama gitaa. Lakini wepesi peke yake usingefanya kinanda hiki kitafutwe hadi leo. Kinatafutwa kwa besi.

Vinanda vingi vya analogi hunenepesha besi kwa osileta (sehemu inayozalisha mawimbi ya sauti) mbili zilizotyuniwa karibu karibu. Kwenye noti za juu hupendeza. Chini, mawimbi hukutana na kuachana polepole, kwa hiyo noti moja hutoka na nguvu na inayofuata hulegea. SH-101 ina osileta moja tu. Sauti ya chini yake hupatikana kwa kugawa mitetemo ya ile kuu kwa mbili au kwa nne, hivyo hushuka oktavo moja au mbili kamili na haiwezi kuachana nayo hata kidogo. Hapo ndipo uzito wake ulipo, na kwangu huo ni ubunifu mkubwa kuliko wingi wa osileta.

Kwa besi ya kuanzia, weka masafa (swichi ya kupandisha au kushusha oktavo) kwenye 8', wimbi la msumeno 6, osileta ya chini 10 kwa oktavo moja, kelele 0. Filta, inayopunguza ukali wa sauti, iwe 3, na envelopu, inayoongoza mwendo wa noti tangu kubonyezwa hadi kuachiwa, iisukume kwa 4. Hatua za envelopu ziwe: mwanzo 0, kushuka 4, kubaki 2, kuachia 1. Swichi ya kianzishi iwe GATE+TRIG, ili envelopu ianze upya kwa kila noti. Ukiiacha kwenye GATE, noti utakazounganisha hazitapata msukumo mpya, na mstari utasikika kama umelala.

Anayenunua ateleze kila kidhibiti kwanza. Kikikwaruza, mara nyingi ni vumbi: dawa ya kusafishia kontakti, kisha kukisogeza mara ishirini. Adapta ni ya volti 9, hasi katikati. Ukikosea, unaweza kuunguza saketi. Fungua pia chumba cha betri, kwa sababu betri zilizovuja hula vyuma vya mguso.

MIDI, njia ya kuunganisha vyombo vya kielektroniki, haina. Hata hivyo, chomeka mpigo kutoka TR-606, mashine ya ngoma ya Roland, kwenye tundu la saa (la kupokea mapigo ya mwendo), na sikwensa ya SH-101, inayohifadhi na kurudia noti hadi hatua 100, itatembea sambamba na ngoma.