Mayai, chipsi na urafiki wa Somme

Wapo wanaosema urafiki kati ya wanakijiji wa Somme, eneo la kaskazini mwa Ufaransa, na askari wa kigeni, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ni hadithi tamu iliyopikwa baadaye. Kwao ilikuwa biashara tu, na hoja yao ina mashiko. Askari wa Australia alilipwa shilingi 6 kwa siku, ilhali askari wa kawaida wa Uingereza aliingia vitani kwa shilingi 1; nani asingemchangamkia? Askari wenyewe walilalamika kwamba wakitia mguu kijijini bei zinapanda, na kwamba wapo wakulima waliofikia kung'oa mpini wa pampu ya kisima ili maji yasitoke bure. Mkulima naye alikuwa na yake: uzio wake umeishia kwenye moto wa askari, ngano imekanyagwa, na fidia anaidai bado.

Hayo nayakubali. Ninachokataa ni kwamba penye pesa hapana urafiki. Aliyewahi kula kwa mama ntilie mmoja mwaka mzima anajua kuwa kulipa hakumzuii mama kuuliza mbona jana hukuonekana.

Vijiji vile vilikuwa na estaminet, vilabu vidogo ambavyo pengine vilikuwa sebule ya mtu tu. Askari aliyetoka handakini aliagiza mayai ya kukaanga na chipsi (si zege, mayai yanakaa pembeni) na mvinyo mweupe. Mara nyingi aliyemwandalia alikuwa mwanamke ambaye mumewe au mwanawe naye yuko vitani. Kiti alichokalia mgeni kilikuwa na mwenyewe.

Tazama Vignacourt, kijiji cha kaskazini ya mji wa Amiens, walikopumzishwa askari. Louis Thuillier na mkewe Antoinette waliwapiga picha uani kwao, mbele ya turubai lililochorwa, na kuwauzia kama kadi za kutuma nyumbani. Biashara, tena ya waziwazi. Lakini kwenye baadhi ya picha hizo, katikati ya askari, wamo watoto wa kijiji. Hawakuwa wateja wale. Karibu bamba 4,000 za kioo zenye picha hizo zilikaa darini mpaka zilipogunduliwa mwaka 2011, na wengi wa waliomo hatuwajui majina.

Wengi hupenda zaidi mfano wa Villers-Bretonneux, mji ambao Waaustralia walishiriki kuukomboa kutoka kwa Wajerumani usiku wa kuamkia Aprili 25, 1918. Watoto wa shule wa jimbo la Victoria, Australia, walichanga fedha, shule mpya ikafunguliwa 1927, na maandishi ya kuikumbuka Australia yapo hadi leo. Hapa wenye shaka nawapa ushindi nusu: siku ya vita wakazi wengi walikuwa wameshakimbia. Urafiki huo ulijengwa baadaye, kwa sherehe na kumbukumbu.

Ila kuna karatasi moja ambayo sijaona wakiijibu. Agosti 7, 1918, Kanali Linard, wa ujumbe wa jeshi la Ufaransa kwenye makao makuu ya Wamarekani, alitoa waraka wa siri kuhusu askari weusi wa Marekani, ambao baadhi yao, kama Rejimenti ya 369, walipigana chini ya Wafaransa. Maofisa Wafaransa wasile nao, wasiwape mikono, wasizungumze nao nje ya kazi; na wakazi wa vijiji walikopangiwa wasiwadekeze, maana Wamarekani weupe wanaudhika. W.E.B. Du Bois, mwandishi Mmarekani mweusi aliyepigania haki za watu weusi, aliuchapisha kwenye jarida la The Crisis, Mei 1919.

Ufaransa haikuwa malaika. Iliwatawala Waafrika na kuwapeleka vitani. Ila usome waraka huo polepole. Bei ya mayai haimo. Kinachohangaikiwa ni meza moja, mikono, mazungumzo, na wanakijiji wanaowafurahia wageni kupita kiasi. Walioutoa walikuwa karibu na vijiji kuliko sisi, na walichokiona, wakakiogopa, hakikuwa biashara.