Dumu langu la lita tano Verona, na zabibu za baba Hombolo

Jumamosi asubuhi nikitoka zamu ya usiku ghalani, napitia kwenye ushirika wa wakulima wa zabibu nje kidogo ya mji wa Verona, dumu langu la lita tano mkononi. Nalisuuza nyumbani kwa maji ya moto, maana dumu likinuka waini yote imeharibika. Ukutani kuna pampu zimepangwa kama za sheli, kila moja na zabibu yake: Merlot, Corvina, Garganega. Mhudumu anachomeka bomba kwenye mdomo wa dumu, anabonyeza, tarakimu zinakimbia, ananikatia risiti. Lita moja ni kama yuro mbili. Hiyo ni waini ya wiki mbili mezani kwangu, na ni waini safi, kavu, yenye harufu ya tunda lenyewe.

Wenyewe wanaiita vino sfuso, waini ya kupima. Mwaka wangu wa kwanza Italia sikuijua. Nilikuwa naingia dukani naokota chupa ya bei ya chini kuliko zote, nafika nyumbani nakuta kitu chachu kisicho na ladha. Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mzee mstaafu wa reli. Alinipeleka kwenye ushirika, kisha akanifundisha kusoma lebo kwa siku ambazo nalazimika kununua chupa. Tafuta maneno imbottigliato all'origine, alisema, ujue aliyetengeneza ndiye aliyejaza chupa. Na usikimbilie jina kubwa. Amarone, waini nyekundu maarufu ya huku Verona, hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa miezi mitatu minne hadi zinyauke, kwa hiyo zabibu nyingi hutoa waini kidogo na bei yake lazima ipande. Ukiiona inauzwa bei ya kutupa, iache hapo hapo. Chukua Bardolino, au Custoza kama unapenda nyeupe, za vijiji vya karibu na Ziwa Garda. Kwa yuro tano sita unapata kitu cha kumkaribishia mgeni bila aibu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Mimi ni mtoto wa Dodoma. Baba ana ekari mbili za zabibu Hombolo. Nimekua nikishika mkasi wa kukatia matawi kabla sijajua kuendesha baiskeli. Kwetu mzabibu ukipogolewa vizuri unavunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu hivi na tena mwezi wa nane au wa tisa. Hawa wa Verona wanavuna mara moja tu. Na historia yenyewe inatuunganisha, kwa sababu wamisionari Waitaliano wa misheni ya Bihawana ni miongoni mwa walioanza kupanda zabibu Dodoma miaka ya 1950, wakitafuta divai ya misa. Ardhi ipo, jua lipo, mikono ipo. Kwa nini basi mimi nakunywa waini nzuri kwa yuro mbili huku ugenini, na mwalimu wa shule ya msingi pale Hombolo, anayepita katikati ya mizabibu kila siku, akitaka chupa moja inayoeleweka lazima ajifikirie mara mbili?

Watu husema kodi. Kodi ina sehemu yake. Italia ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wa kawaida ni sifuri, inabaki VAT ya asilimia 22. Lakini hata Tanzania waini ya zabibu za ndani inatozwa ushuru mdogo kuliko ile ya kutoka nje, kwa hiyo serikali imeshaliona jambo hilo. Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye tangi la kutengenezea waini, na kwenye swali la tangi ni la nani.

Septemba iliyopita nilienda kuangalia mavuno yakipokelewa hapa ushirika. Trekta zilijipanga barabarani, kila moja na tela lake. Mkono wa chuma unashuka ndani ya tela, unanyonya juisi kidogo, kipimo kinaonyesha sukari. Mkulima analipwa kwa uzito na kwa kiwango hicho cha sukari, naye anakiona kwenye skrini palepale. Halafu zabibu zinaingia kwenye tangi ambalo yeye ni mmoja wa wenyewe. Haziozi zikimsubiri mtu.

Baba alikuwa anauza kwa kilo, kwa bei aliyopangiwa. Nakumbuka Agosti moja mnunuzi alisema ameshajaza, magari hayaji tena. Kreti zilikaa chini ya mwembe siku nne. Siku ya pili nyuki walikuja, siku ya tatu mchuzi ukaanza kutiririka chini ya kreti, na mama akawa anachota zile nzima kwenye ndoo akauze barabarani. Harufu ya zabibu zinazochacha ninayoisikia kwenye ghala la ushirika hapa ni ile ile, ila ile ya nyumbani ilikuwa ya ada ya shule yangu ikipotea.

Ndugu zangu wa Dodoma, mchuzi wa zabibu tunaujua. Chupa moja ya waini inahitaji kama kilo moja ya zabibu na zaidi kidogo. Mnywaji wa Dodoma anapolipia chupa analipia pia kioo, kizibo, lebo, katoni na safari. Ushirika ukiwa na tangi lake, mtaalamu wake na kibali cha TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ukauza kwa lita palepale mjini, gharama hizo nyingi zinaondoka. Usafi ndio mgumu: waini ikipigwa na hewa na joto inageuka siki, kwa hiyo chumba cha baridi ni lazima, na fundi wa kuipima waini kila siku hawezi kuwa mtu wa kuokoteza.

Nimezungumza na baba wiki hii. Anasema matangi mawili ya chuma kisichoshika kutu yangetosha kuanzia wakulima wa kitongoji chetu. Nimeanza kuuliza bei ya yaliyotumika huku Veneto, na mzee wa reli ameahidi kunipeleka kwa mtu wake wa Soave Jumamosi ijayo.