Watu wa mazishi nao wanahitaji mkutano wao wa mwaka

Nimefanya kazi ya kuandaa mazishi nchini Marekani kwa miaka 14, na kwa miaka 6 ya mwisho nimekaa katika kamati ya maandalizi ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha jimbo. Kila ninaporudi Tanzania likizo na kueleza jambo hili, ndugu na marafiki hunyamaza kidogo, kisha mmoja wao huuliza: watu wa maiti nao wana mkutano, na wakikutana wanazungumza nini? Swali hilo halinichukizi hata kidogo, kwa kuwa hata mimi nililiuliza siku ya kwanza nilipopelekwa mkutanoni na mwajiri wangu, nikakuta ukumbi mzima wa watu waliovaa suti nyeusi wakibishana kuhusu joto la majokofu. Leo maoni yangu ni kwamba nchi yetu inauhitaji mkutano wa namna hiyo kuliko hata Marekani, lakini tukiuandaa kwa kufuata mfano wa Marekani hatua kwa hatua, tutaishia kuwa na maonyesho ya majeneza, na mtu aliyeuhitaji zaidi hatakuwamo ukumbini.

Chama cha kitaifa cha wasimamizi wa mazishi cha Marekani kilianzishwa mwaka 1882 mjini Rochester, katika jimbo la New York, na mkutano wake mkuu huhama mji hadi mji: mwaka 2022 ulikuwa Baltimore, 2023 Las Vegas, 2024 New Orleans na 2025 Chicago. Vyama vya majimbo navyo vina mikutano yao midogo, na huo wetu ni mmojawapo, wa siku tatu katika hoteli yenye ukumbi mkubwa.

Ugumu wa kuwaandalia mkutano watu wa kazi hii ni kwamba kifo hakina likizo. Wanasheria wanaweza kuahirisha kesi na walimu wanaweza kungoja shule zifungwe, lakini sisi kila tarehe tutakayoipanga kuna mtu atakayekuwa amefiwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Ndiyo maana mikutano mingi ya kazi hii huanza Jumapili na kumalizika katikati ya wiki, kwa sababu familia nyingi hupenda kuzika mwishoni mwa wiki ili ndugu wa mbali wawahi. Katika kamati yetu tumejifunza mengine ambayo hayaandikwi popote. Kila somo muhimu hufundishwa mara mbili, asubuhi na siku inayofuata mchana, ili aliyeitwa kazini asilikose kabisa. Safu mbili za nyuma, karibu na mlango, huachwa wazi kwa walio kwenye zamu ya simu, nao hutoka bila kumpita mtu magotini. Kampuni ndogo za mume na mke huunganishwa mapema na jirani zao, ili wakati huyu yuko mkutanoni yule ampokelee simu na kumchukulia miili, na mwaka unaofuata wabadilishane. Mipango hiyo ya zamu hutuchukua muda mrefu kuliko kutafuta wasemaji, na naiona kuwa ndiyo moyo wa maandalizi yote.

Upande wa pili kuna maonyesho. Siku moja kabla ya ufunguzi, milango ya nyuma ya ukumbi hufunguliwa na malori hushusha majeneza, vitanda vya kuoshea miili, mapipa ya dawa na magari ya kubebea maiti. Magari hayo hayaingii hivi hivi: afisa wa zimamoto hukagua kwamba mafuta yaliyomo kwenye tangi ni kidogo na kwamba waya wa betri umefunguliwa, ndipo husukumwa kwa mikono hadi kwenye banda lake, wanaume wanne nyuma na mmoja kwenye usukani. Wenye mabanda ndio wanaolipia sehemu kubwa ya ukumbi, na hapo ndipo matatizo huanzia, kwa maana anayelipa hutaka pia kupanga ratiba. Mwaka mmoja mdhamini wetu mkubwa alitaka saa nzima ya asubuhi ya kwanza, ambayo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya somo la kumkinga mfanyakazi na maambukizi, aitumie kutangaza aina mpya za majeneza. Kamati iligawanyika. Nilipiga kura ya kukataa, tukashindwa, na somo likasukumwa hadi saa kumi jioni, wakati nusu ya watu walikuwa wameshaondoka. Jambo hilo bado linaniuma, na ndilo lililonifanya nifikirie kwa makini jinsi nyumbani tungepaswa kuanza.

Kinachowavuta wengi kuhudhuria, tukisema ukweli, ni leseni. Majimbo mengi humtaka msimamizi wa mazishi atimize saa kadhaa za mafunzo ndipo leseni yake ihuishwe, kwa hiyo mlangoni mwa kila chumba kuna mtu wa kukagua vitambulisho vya shingoni wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na somo lisiloidhinishwa na bodi ya leseni halihesabiwi hata kama lilikuwa zuri namna gani. Marekani mtu mmoja mwenye leseni anaweza kuchukua mwili, kuutia dawa, kuuza jeneza, kupanga ibada, kushughulikia vibali na kuongoza msafara hadi makaburini. Nyumbani kazi hizo zimegawanyika. Mhudumu wa mochwari anahifadhi mwili, seremala anatengeneza sanduku, mwenye gari anasafirisha, mwenye maturubai na viti ana biashara yake, wachimba kaburi wana kiongozi wao, kamati ya mazishi ya familia na majirani ndiyo inayoshika daftari na fedha, na kwa Waislamu kuosha na kukafini ni jukumu la waumini wenyewe. Watu hawa wanategemeana kila siku, na wengi wao hukutana tu pale penye msiba, kila mmoja akiwa na haraka yake. Mkutano wa mwaka ungewapa nafasi ya kukaa pamoja pasipo mfiwa anayelia mlangoni.

Nitaeleza kisa kimoja ili nisionekane ninasifu mikutano kwa ajili ya mikutano. Watanzania wenzetu wanaofariki huku mara nyingi husafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani, mwili ukiwa umetiwa dawa na jeneza likiwa ndani ya sanduku la safari ambalo upande mmoja limeandikwa kwa Kiingereza neno la kuonyesha kichwa kiko wapi. Alama hiyo si urembo. Kichwa kikilala chini kuliko kifua kwa saa nyingi, majimaji huteremka usoni. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa mwili wa mama mmoja kwa mikono yangu mwenyewe, nikamsuka nywele jinsi mwanawe alivyoniomba, nikamwona amepumzika vizuri kabla ya kufunga. Siku ya nne nikapigiwa simu kutoka nyumbani. Kijana yule hakunigombeza, alisema tu, "Kaka, tumemfungua mama, uso umevimba na umebadilika rangi, watu wa kijijini wanauliza alikufa kwa ugonjwa gani." Mahali fulani katika safari ile ndefu sanduku lilikuwa limeinamishwa upande wa kichwa, na sikuwahi kujua ni wapi. Tangu siku hiyo kila sanduku linalotoka kwangu kwenda Afrika Mashariki huandikwa KICHWA kwa kalamu nene nyekundu, pande zote mbili, pamoja na mshale, na juu yake nabandika bahasha yenye maelezo kwa Kiswahili: dawa iliyotumika, tarehe, na jinsi ya kumlaza marehemu. Nimebandika bahasha nyingi. Sijawahi kukutana uso kwa uso na hata mtu mmoja anayezipokea, wala yeye hajapata nafasi ya kuniambia kile ambacho sisi wa huku tunakikosea. Saa mbili za kukaa meza moja zingeondoa mengi.

Kuna pia suala la dawa yenyewe. Formalini inayotumika kuhifadhi miili ni mmumunyo wa gesi ya formaldihaidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika hewa ya chumba cha kazi ni sehemu 0.75 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na nilikifahamu kiwango hicho katika somo la mkutanoni, baada ya miaka miwili ya kuumwa kichwa kila jioni nikidhani ni uchovu. Tanzania nayo ina wakala wake wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Lakini sheria haimfikii mtu kwa kuandikwa tu. Inabidi mtu wa OSHA asimame mbele ya wahudumu wa mochwari, awaonyeshe barakoa inayozuia gesi na ile isiyozuia, na awaeleze ni kwa nini feni inayovuta hewa ikae chini karibu na meza badala ya juu darini.

Faida nyingine ya watu wa kazi moja kukutana huonekana siku ya balaa. Katika miaka ya 1980 chama cha kitaifa cha Marekani kiliunda kamati ya kufikiria nini kifanyike watu wengi wanapokufa kwa mara moja, na mawazo ya kamati hiyo yakazaa timu za serikali ya shirikisho za kushughulikia miili wakati wa maafa, ambazo zilifanya kazi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 na baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005. Sisi tumepitia kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwezi Mei 1996, ambapo inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 800 walipoteza maisha, na kwa kivuko cha MV Nyerere mwezi Septemba 2018, ambapo walikufa zaidi ya 220. Wapo wahudumu, madereva na maseremala waliofanya kazi usiku na mchana siku zile, na wanayajua mambo ambayo hakuna kitabu kinachoyasema: namna ya kupanga miili ili familia zitambue bila kukanyagana, na namna ya kuweka namba zisizofutika kwa maji. Wengine wameshazeeka. Wakiondoka kabla ya kuulizwa, tutaanza upya balaa likija tena.

Bei nayo haikwepeki. Tangu mwaka 1984 kanuni ya serikali ya Marekani inamlazimu msimamizi wa mazishi kumtajia bei yeyote anayeuliza kwa simu, na kumpa mfiwa aliyefika ofisini orodha ya bei aende nayo. Wengi katika kazi yetu waliipinga wakati ule. Leo nisingeweza kufanya kazi bila orodha hiyo, maana inanilinda hata mimi nisishawishike kumtazama mtu mavazi ndipo nitaje bei. Nyumbani suala la miili kuzuiliwa hospitali kwa sababu ya deni limefika hadi bungeni, na watoa huduma wenyewe wangekuwa na la kusema kama wangekuwa na mahali pa kulisemea.

Lakini nani ataalikwa? Hapo historia ya Marekani inatutahadharisha. Wasimamizi wa mazishi Weusi, waliofungiwa nje na ubaguzi wa rangi, waliunda chama chao cha kitaifa mwaka 1924, na hadi leo kuna vyama viwili na mikutano miwili. Kwetu ukuta hautakuwa wa rangi, utakuwa wa nauli na ada ya kiingilio. Tukikodi hoteli ya kifahari Dar es Salaam na kutoza ada ya kongamano, watakuja wenye kampuni tano au sita za mjini, na mhudumu wa hospitali ya wilaya atausikia mkutano redioni.

Kwa hiyo kama ningekabidhiwa maandalizi, ningeanzia kwake. Fedha za kwanza zitakazopatikana ziwe za nauli na malazi ya wahudumu, hata kabla ya kulipia ukumbi, na ukumbi uwe wa chuo au wa hospitali, Dodoma au Mwanza, uliopo karibu na mochwari inayofanya kazi ili mafunzo yafanyike kwa vitendo. Mabanda ya maonyesho yawepo, kwani seremala naye anataka soko, lakini yafunguliwe mchana baada ya masomo. Kitu kimoja ningekichukua Marekani bila kukibadilisha, nacho ni ibada ya kuwakumbuka wenzetu waliofariki mwaka huo. Katika chama chetu cha jimbo msomaji huandikiwa majina mapema, huwapigia ndugu kuuliza yanatamkwaje, kisha huyasoma moja moja na baada ya kila jina huwashwa mshumaa. Watu waliozika maelfu huonekana wakilia waziwazi, na hakuna anayewatazama vibaya.

Mwezi uliopita nilimpigia mhudumu mmoja wa mochwari, mzee ninayemheshimu, nikamweleza mpango wote huu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, siku hizo za mkutano funguo nitamwachia nani?" Kituoni kwake wako wawili tu, na mwenzake hana hata mwaka kazini. Nilifungua daftari la maandalizi, nikaliandika swali lake juu kabisa, kabla ya jina la ukumbi.