Shangazi Hakufa kwa Presha

Juzi kwenye grupu la ukoo, binti wa baba mdogo aliuliza kwa adabu zote: "Shikamooni wazee. Naomba kujua, shangazi zetu waliugua nini hasa?" Ana uvimbe kwenye titi, na daktari ndiye aliyemtuma akaulize. Baba mkubwa akamjibu: "Mambo ya marehemu hayaandikwi humu." Zikafuata emoji za dua, kisha mtu akakumbushia michango ya harusi.

Hivi tunamficha nani?

Shangazi mkubwa hakufa kwa presha. Sisi tuliomuuguza tulikiona kidonda kile cha titi alichokifunika kwa khanga. Mdogo wake akamfuata hata hamsini hajafika, tukaambiwa karogwa. Bibi mzaa baba naye, eti tumbo. Na huenda kweli lilikuwa tumbo, maana kasoro ya kurithi kwenye jeni mbili ziitwazo BRCA1 na BRCA2 haiishii kuleta saratani ya titi, huleta na saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke vilivyo tumboni. Daktari angeyasikia hayo matatu kwa pamoja, angekaa vizuri kitini. Sisi tumeyagawa: presha, uchawi, tumbo.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kauli ya "hayo ni ya upande wa mama". Nani kasema? Jeni hizo tunazo sote, wake kwa waume, na kazi yake ni kukarabati DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, ikiharibika. Mwenye nakala yenye kasoro, awe baba au mama, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Baba anaweza kuibeba hadi uzeeni bila kuumwa hata kichwa, halafu bintiye akaugua. Binti aliyeirithi, uwezekano wa kupata saratani ya titi hadi anatimiza miaka 80 unakaribia asilimia 70. Kwa hiyo shangazi ni habari kubwa kuliko tunavyodhani. Wanaume wenyewe hupata saratani ya titi, ingawa kwa nadra, lakini hilo ukilitaja barazani utachekwa.

Haya, nakubali: wengi wanaougua saratani ya titi hawakuirithi. Waliorithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Na kipimo cha jeni ni ghali, usikitarajie kwenye zahanati ya kata. Mwigizaji wa Marekani Angelina Jolie alipotangaza mwaka 2013 kwamba ameondoa matiti yote mawili kabla hajaugua, niliwasikia watu wakisema ni wazimu wa matajiri. Sawa, tuseme sisi si matajiri. Kwani kusema marehemu aliugua nini, na alianza kuugua akiwa na umri gani, kunalipiwa shilingi ngapi?

Binamu anarudi kliniki Jumatatu. Baba mkubwa, shikamoo. Kama kwenye grupu hapaandikwi, basi mpigie simu.